Picha Iliyo Ndani ya Nyumba: Sheria ya Uingereza ya Mwaka 2008 na Mipaka ya Hisba



Tarehe 26 Januari 2009 ilianza kutumika nchini Uingereza sheria ambayo nchi hiyo haikuwa na mfano wake kwa picha za watu wazima. Ilimfanya mtu kuwa mhalifu, si kwa kuwa ameuza picha chafu, wala ameichapa, wala ameionesha hadharani, bali kwa kuwa anayo tu. Hiki ni kifungu cha 63 cha Sheria ya Makosa ya Jinai na Uhamiaji ya mwaka 2008. Wengi katika sisi tukisikia habari kama hii husema: Alhamdulillahi, hata Wazungu wamefahamu. Nasi tulisema hivyo hivyo siku za mwanzo. Lakini kila tulipozidi kuisoma sheria hiyo na yaliyofuata baada yake, tuliona kuwa ndani yake mna mas-ala ambayo fuqahaa wetu waliyachambua takriban miaka elfu moja iliyopita, na kwamba wao walisimama mahali ambapo Bunge la London halikusimama.

Hukumu ya jambo hufuata kulifahamu, basi tuanze na historia.

Mwaka 1857 Lord Campbell, aliyekuwa jaji mkuu, alipitisha sheria ya machapisho machafu. Wakati huo mtaa wa Holywell jijini London ulikuwa maarufu kwa maduka ya vitabu na michoro ya aina hiyo. Sheria ile iliwapa mahakimu uwezo wa kutoa hati, nyumba ipekuliwe na vitu viharibiwe, lakini kwa sharti kuwa vimewekwa kwa ajili ya kuuzwa au kusambazwa. Mwaka 1868, katika kesi ya Hicklin, Jaji Mkuu Cockburn akaweka kipimo: je, kitu hiki kina mwelekeo wa kuziharibu akili za wale walio wepesi kuharibika kwacho? Ajabu ya kesi hiyo ni kuwa kijitabu kilichoshitakiwa hakikuwa cha wafanya biashara ya uchafu, bali cha watu waliokuwa wakiwashambulia mapadri wa Kikatoliki. Kipimo hicho kikasafiri na dola. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ilitumika Zanzibar, Kenya na Tanganyika kabla ya kanuni za miaka ya 1930, na mpaka leo kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 175 cha Tanzania Bara vinazungumzia mwenye kitu kichafu kwa ajili ya biashara, kukigawa au kukionesha watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1959, iliyochukua nafasi ya ile ya 1857, nayo iliendelea kumkamata mchapishaji na mwenye kuweka kwa ajili ya faida. Aliyefungia kitu chake sandukuni hakuulizwa.

Mlango wa kwanza kufunguliwa ulikuwa wa watoto. Sheria ya 1978 iliharamisha kutengeneza na kusambaza picha chafu za watoto, na ya 1988 ikaharamisha hata kuwa nazo. Marekani nako, Mahakama Kuu ilisema mwaka 1969 katika kesi ya Stanley kwamba serikali haina la kumwambia mtu juu ya anachokitazama peke yake nyumbani, kisha mwaka 1990 katika kesi ya Osborne ikawatoa watoto katika kanuni hiyo. Katika hili la watoto hatuoni pa kubishana. Kila picha ya namna hiyo ni dhulma iliyomfika mtoto aliye hai, na kila anayeiweka anaendelea kumdhulumu. Hili ni la kushikwa vizuri, kwa maana tutalirudia.

Kisha ikaja Brighton. Mwezi Machi 2003 mwalimu mmoja mwanamke wa mji huo aliuawa kwa kunyongwa na mtu aliyemfahamu. Mwili wake ulipatikana baada ya wiki kadhaa. Ilithibiti mahakamani kwamba muuaji alikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kutazama katika intaneti picha za wanawake wakinyongwa. Alitiwa hatiani mwaka 2004, hukumu ikatenguliwa mwaka 2006 kwa kasoro ya maelekezo ya jaji, akashitakiwa upya na kutiwa hatiani tena mwaka 2007. Mama wa marehemu hakukaa kimya. Pamoja na wabunge, miongoni mwao Martin Salter wa Reading West, alikusanya saini zaidi ya 50,000 akitaka tovuti hizo zifungwe. Nani atamlaumu mama huyo? Sisi hatumlaumu. Mwenye mtoto wa kike na asome habari ile, kisha ajiulize angefanya nini.

Lakini tovuti nyingi zilikuwa nje ya Uingereza, na mkono wa serikali haukuzifikia. Ndipo ikaja fikra: ikiwa muuzaji hakamatiki, akamatwe mtazamaji. Mwezi Agosti 2005 Wizara ya Mambo ya Ndani ikatoa waraka wa kukusanya maoni, na waraka wenyewe ulikiri kuwa utafiti hautoshi kukata shauri juu ya athari za muda mrefu za picha hizo kwa watazamaji. Mwaka 2007 ikachapishwa tathmini ya ushahidi iliyounga mkono sheria, na wataalamu wengine wakaipinga. Tarehe 8 Mei 2008 mswada ukawa sheria.

Sheria hiyo inataka mambo matatu yakutane. Kwanza, picha iwe imetengenezwa kwa ajili ya kuamsha matamanio. Pili, iwe ya kuchukiza mno. Tatu, ioneshe wazi, kwa namna inayofanana na ukweli, mojawapo ya mambo haya: kitendo kinachohatarisha maisha, kinachojeruhi vibaya sehemu za siri au matiti, kumwingilia maiti, au kumwingilia mnyama. Adhabu ya aina mbili za mwanzo ni kifungo kisichozidi miaka 3, na ya mbili za mwisho kisichozidi miaka 2. Msomaji ayatazame vizuri maneno yale, "inayofanana na ukweli". Sheria haiulizi kama kuna mtu aliyeumizwa kweli. Inauliza kama mtazamaji mwenye akili timamu atadhani waliomo pichani ni watu au wanyama wa kweli, na kama kinachooneshwa ni kitendo cha aina hiyo. Aliyejeruhiwa na aliyeigiza kuwa amejeruhiwa wakawekwa katika kapu moja.

Hapa tunasimama kidogo kueleza jambo linalowahusu Waislamu, ambalo wachache wamelitambua. Sheria hiyo hiyo ya 2008, katika kifungu chake cha 79, ndiyo iliyofuta kosa la kukufuru dini katika England na Wales. Mwaka 1990 Waislamu wa Uingereza walikwenda mahakamani kutaka kosa hilo litumike dhidi ya kitabu cha Salman Rushdie, wakajibiwa kuwa linamlinda Mkristo peke yake. Baada ya miaka 18 likafutwa kabisa. Kwa hiyo karatasi moja ilitoa mkono wa dola katika yanayosemwa hadharani juu ya vitukufu, na ikauingiza mkono huo katika yaliyofichwa ndani ya kompyuta ya mtu. Hatusemi walikusudia kuyaunganisha mawili haya. Tunasema tu kuwa mpangilio huo ni kinyume cha ule tuliourithi sisi.

Tuje kwenye fiqhi. Je, dhana ya kuwa kumiliki peke yake kunaweza kuwa haramu ni ngeni kwetu? Hapana. Wanafunzi wa madhehebu ya Imam Shafi wanaikuta mapema kabisa katika mlango wa tohara, kwenye vyombo vya dhahabu na fedha. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) anaharamisha katika Minhaj kuvitumia, kisha anasema kuwa kuviweka bila ya kuvitumia nako ni haramu kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Maana yake ni kuwa ipo kauli nyingine ndani ya madhehebu inayosema kuweka peke yake si haramu. Imam Suyuti (911 H) ameifanya kuwa kanuni katika al-Ashbah wan-Nadhair: kilichoharamishwa kukitumia kimeharamishwa kukiweka. Na wakazingatia nia ya mwenye kitu. Pombe iliyokamuliwa kwa nia ya kuwa siki huitwa khamri muhtarama, nayo haimwagwi, ingawa kwa macho haina tofauti na ya mlevi. Basi mtu akituuliza kama kuweka picha hizi simuni ni haramu, jibu halihitaji kupekua vitabu viwili. Kuzitazama ni haramu kwa amri ya kuinamisha macho iliyomo katika Suratun Nur, na kuziweka kunafuata kuzitazama. Hilo halina utata, wala lisifahamike kuwa tunalilegeza.

Utata uko katika swali la pili: je, kila kilicho haramu mtawala ana haki ya kukitafuta? Hapo ndipo wanachuoni wetu waliposimama.

Qur'ani katika Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza upelelezi wa aibu za watu bila ya kutofautisha baina ya raia na mtawala. Amepokea Abu Daud kwamba Ibn Masoud (R.A.) aliletewa habari za mtu ambaye ndevu zake zinachuruzika pombe, akajibu kwa maana ya kuwa wao wamekatazwa kupeleleza, ila kikidhihiri kitu watakichukua. Na mashuhuri ni kisa cha Sayyidna Umar (R.A.), alichokitaja Imam Ghazali (505 H) katika Ihyaa, cha usiku aliporuka ukuta akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, yule mtu akamwambia kuwa yeye amemuasi Mwenyezi Mungu katika moja, na Amirul Muuminina amemuasi katika matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlangoni, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar, ambaye shetani akimkimbia, alimwacha baada ya kumtaka atubie. Tuangalie nani aliyeshindwa hoja katika kisa hiki. Mkosa hakuambiwa kuwa pombe yake imekuwa halali. Aliyerudi nyuma ni mtawala.

Ghazali akaingia katika vijambo vidogo ambavyo vinatufaa sana leo. Anauliza: fasiki akionekana ana kitu chini ya nguo yake, je, inajuzu kumfunua? Jibu lake ni kuwa haijuzu mpaka idhihiri alama mahsusi. Harufu ni alama. Umbo la ala ya muziki likionekana kwa wepesi wa kitambaa, hiyo nayo ni alama. Ama kuwa yeye ni fasiki, hiyo peke yake si alama, kwani fasiki naye hubeba siki na mafuta kama watu wengine. Sisi tunasema simu ya leo ndiyo kile kitu kilicho chini ya nguo, na kitambaa chake ni kizito.

Lakini hawakufunga mlango wote. Al-Mawardi (450 H), kadhi wa Baghdad, amebagua katika al-Ahkam as-Sultaniyya. Muhtasib akiambiwa na mtu mkweli kuwa fulani yuko faragha na mtu anataka kumuua, au na mwanamke anataka kumzini, hapo anaruhusiwa kupeleleza na kuingia, kwa kuchelea kupitwa na jambo lisiloweza kurudishwa. Yasiyofikia daraja hiyo hayapelelezwi. Akisikia sauti za upuuzi zinatoka ndani ya nyumba, anakemea akiwa nje wala haingii.

Kwa kipimo hiki, msiba wa Brighton ungekuwaje? Kama mtu angepata habari kuwa yule bwana amemchukua mwanamke kumuua, mlango ungevunjwa na hakuna faqihi ambaye angeuliza hati. Lakini sheria iliyotungwa baada ya msiba haikuwa ya kuvunja mlango huo. Ilikuwa ya kuivunja milango ya wote wenye picha, kwa dhana kuwa huenda nyuma ya mmoja wao yuko muuaji.

Na athari zake? Serikali ilikadiria kesi 30 hivi kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo zilivuka elfu moja kwa mwaka. Sehemu kubwa kabisa hazikuhusu wanawake walionyongwa, jambo ambalo yule mama alilipigania, bali zilihusu picha za wanyama, nyingi zikiwa zile ambazo vijana hutumiana kwa upuuzi na kucheka. Tusifahamike kuwa tunazitetea, maana ni uchafu unaotia kichefuchefu. Lakini kipimo kilitengenezwa kwa ajili ya muuaji, kikatumika zaidi kwa wapuuzi. Na picha nyingi huonekana simu inapochukuliwa kwa shauri jingine kabisa. Aliyekuja kupekuliwa kwa dawa za kulevya akatoka na shitaka la picha.

Mwaka 2009 mtu mmoja wa Wrexham, Wales, alishitakiwa kuwa na video ya mwanamke na chui milia. Ilikaa kesi hiyo miezi, naye akiwa amezuiwa kwa muda kuonana na binti yake. Mwendesha mashitaka alipoifungulia sauti video ile, chui akasikika akisema maneno ya tangazo la chakula cha asubuhi cha watoto. Ulikuwa mzaha wa kuchora, aliotumiwa na rafiki. Kesi ikaondolewa tarehe 31 Disemba 2009. Mwaka 2012 wakili mmoja mwenye nyadhifa za umma London alishitakiwa katika Mahakama ya Kingston kwa picha chache zilizokuwa zimeambatishwa na barua pepe. Wazee wa baraza wakamwachia huru baada ya muda mfupi. Lakini picha zake zilikwisha kutazamwa na kujadiliwa mbele ya hadhara kwa siku kadhaa, na nyadhifa zilikwisha kwenda. Matendo ya mtu huyo hatuyaungi mkono hata kidogo. Tunachouliza ni lipi lililoeneza uchafu zaidi: picha zilizokuwa ndani ya barua pepe yake, au zile zile zikielezwa na magazeti ya nchi nzima? Suratun Nur, aya ya 19, ina onyo kali kwa wanaopenda uchafu uenee, na mpelelezi wa aibu ni mmoja wa wanaoueneza, apende asipende.

Wako waliolalamika kutoka upande wa pili. Wanasheria wa Chuo Kikuu cha Durham, Clare McGlynn na Erika Rackley, walisema ajabu ni kuwa sheria ile haikutaja picha za kubaka. Scotland katika sheria yake ya 2010 ilizitaja. England na Wales walizitia mwaka 2015. Na mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuziingiza kwa uwazi picha za kukabana koo, kwa maelezo kuwa jambo hilo limezoeleka kwa vijana kwa sababu ya kulitazama. Yaani miaka 16 baada ya sheria kuanza kutumika, jambo lile lile lililoizaa lilikuwa limezidi kuenea.

Rai yetu ni hii. Fuqahaa wametenganisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Ya kwanza msingi wake ni msamaha na sitara, na mwenye kuitenda kwa siri anahimizwa ajisitiri na atubie. Ya pili msingi wake ni kudaiwa, wala haianguki kwa kuwa aliyedhulumu amefunga mlango. Picha ya mtoto, na picha ya mwanamke aliyebakwa kweli, ni haki ya mja. Aliyemo pichani ana dai kwa kila anayeishika, na mtawala akimsaidia kulidai hajapeleleza, amerudisha haki. Picha ya waigizaji waliolipwa ni maasi, tena makubwa, lakini haina mdai isipokuwa Mola. Kosa la sheria ya 2008 kwa mtazamo wetu ni kuwa iliyachanganya mawili haya kwa lile neno la kufanana na ukweli. Wako ndugu zetu wenye ilmu wanaosema kuwa siasa ya kisharia inampa mtawala nafasi ya kuziba njia za ufisadi, na kwamba taaziri ni pana. Kauli hiyo ina uzito. Lakini taaziri ni adhabu ya kilichodhihiri, nayo haihalalishi njia ya kukidhihirisha.

Limebaki la kuwaambia maimamu, hasa wale ambao waumini wao wanaishi Uingereza na wamo katika makundi ya WhatsApp ya jamaa walioko Mombasa, Unguja na Maskati. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya England iliamua kuwa upande wa mashitaka unatosha kuthibitisha kwamba picha ilikuwa chini ya uwezo wa mtu na kwamba alijua ana picha, si lazima ajue ndani yake mna nini. Baada ya hapo ni juu yake kujitetea, kwa mfano kwamba hakuitazama wala hakuwa na sababu ya kuishuku, au kwamba alitumiwa bila ya kuomba na hakukaa nayo kupita kiasi. Anayeifuta mara moja yuko salama zaidi kuliko anayeiacha ikae.

Na mwaka 2019, kwa ile sheria ya watoto ya 1988, ofisa wa cheo cha juu wa polisi ya London alitiwa hatiani kwa video moja aliyotumiwa na dada yake. Dada huyo alikuwa amekasirika, akitaka aliyefanya uovu ule akamatwe. Ofisa akaamriwa kutumikia jamii saa 200. Mwaka 2020 akafukuzwa kazi, na mwaka 2021 akarudishwa kwa rufaa. Tunaikumbuka kesi hiyo kila tunapoona Mwislamu mwenye ghera akisambaza munkar kwenye kundi la msikiti, akiwa ameandika juu yake: "Tazameni walimwengu walipofika." Ambaye imemfikia picha ya namna hii aifute. Ikiwa ndani yake yuko mtoto au mtu anayedhulumiwa, awaarifu wahusika kwa maneno, wala asiisambaze kwa yeyote. Na asiitume kwa imamu kumuuliza hukumu yake.

Wallahu aalam.